Picha ya Mlangoni, Ntalikwa

Morogoro, 21 Julai 2024

Mwanangu Eustace,

Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo kila asubuhi linanikumbusha kwamba nimetimiza miaka hamsini na sita. Huku ni vumbi tupu. Nisalimie baba yako, mwambie kaka Wilbroad kwamba dawa ya presha inamezwa kila siku, si siku ya kuumwa kichwa tu. Msalimie mama yako. Msalimie na dada yako Martha, bibi harusi wetu, kama amesharudi Tabora kutoka Usinge kwa wakwe zake. Natumaini walimpokea vizuri. Asipopokewa vizuri niambie, nitawaandikia.

Utashangaa kupata karatasi. Simu nimeizima na kwenye kundi la ukoo nimejitoa, na sitaki kuulizwa kwa nini. Bahasha hii nimeipeleka mwenyewe ofisi ya basi.

Nimezitazama picha arobaini za harusi ulizonitumia kabla sijazima simu. Unajua kazi yako naiheshimu, kwa hiyo sitakupaka mafuta. Zile za stesheni, maharusi wamesimama katikati ya reli huku moshi wa rangi ya waridi unafuka nyuma yao, ni takataka. Nani kawaambia ninyi wapiga picha kwamba ndoa ni tangazo la soda? Mnamchukua binti wa watu, aliyelelewa na kufundwa, mnamgeuza sanamu la dukani. Miaka ishirini ijayo mtoto wake atauliza, mama, hapa palikuwa panaungua?

Picha bora ya harusi ni ile ambayo mjukuu ataishika na kujua nani alikuwa nani. Wazee wameketi, vijana wamesimama, nyuso zote zinaonekana, hakuna anayemziba mwenzake. Picha ya harusi ya babu yako Xavery na bibi yako ipo hivyo. Bibi ameweka mikono magotini, babu amekaza shingo, na hadi leo ukiitazama unanyoosha mgongo. Hiyo ndiyo picha.

Sasa neno moja dogo. Ile namba 31, ya mlangoni mwa kanisa, ifute. Watu wamekaa shaghalabaghala, mwanga ni mbaya, na haina faida kwa mtu yeyote. Nyingine amueni wenyewe.

Shangazi yako,
Tekla


Tabora, 9 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika, imekunjika pembe lakini nzima. Sisi hatujambo. Baba anadai dawa anameza. Mama amevuna karanga magunia manne huko Ntalikwa, na amekuwekea za kukaanga. Martha amerudi Jumapili, amenenepa, anasema Usinge wanampikia kama mgonjwa. Mumewe Valentino anakusalimu.

Kuhusu moshi wa waridi, sikupingi. Wateja wanautaka, na mimi nina kodi ya studio. Lakini namba 31 siwezi kuifuta. Martha ameichagua iwe ukurasa wa kwanza wa albamu, na anataka nyingine kubwa ya kuning'iniza sebuleni. Nilimwomba afikirie tena. Alisema, "Kaka, hiyo ndiyo harusi yangu, nyingine zote ni za nguo."

Naomba niiandike ilivyo, kwa sababu barua yako haikuiandika.

Ilikuwa saa sita na robo, saa mbaya kwa kazi yetu, maana jua la utosini linachimba mashimo ya macho. Lakini mbele ya mlango wa kanisa la kigango cha Ntalikwa kuna sakafu ya saruji, na saruji inarudisha mwanga juu, usoni mwa watu. Martha ametoka hatua moja. Baba yumo ndani bado, anatia saini kwenye cheti. Bibi Mwanajuma amejitokeza kati ya watu, uso ameupaka masizi, amevaa koti kubwa la kaki linalomfika magotini, na amemshika bibi harusi mkono akisema, "Huyu wangu, nimemwoa mimi, hatoki hapa." Watu wanacheka. Ndipo wewe ukaja.

Kwenye picha, kiganja chako kipo kifuani mwake. Yeye ameegemea nyuma, mguu mmoja umeinuka. Kicheko bado kipo kwenye midomo ya watu, hakijapata muda wa kuondoka. Mmoja tu ndiye aliyekwishaelewa, Martha, na macho yake yapo kwako.

Nimepiga harusi kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja, na sijapata picha yenye nguvu kama hiyo. Sikuipanga. Kitu kimoja kimetokea, na kila mtu amekijibu kwa uso wake mwenyewe. Ndicho ninachokitafuta kila siku kwa watu wanaoniambia, "Eustace, tutabasamu sasa?"

Maneno uliyomwambia kamera haikuyanasa. Waliokuwepo waliyasikia. Halafu uliingia kwenye gari ukaondoka kabla ya chakula, na simu ikazimwa.

Nadhani unajua kwamba Bibi Mwanajuma ni mtani wetu. Wazee wake ni Wazaramo wa Pwani waliokuja na misafara wakabaki hapa mjini. Wazee wetu ndio waliowabebea mizigo hadi Bagamoyo, na tangu hapo wao na sisi tunatukanana bila kukasirika. Kila harusi yetu lazima amkamate bibi harusi, mpaka tumkomboe.

Ni mimi mwanao,
Eustace


Morogoro, 25 Agosti 2024

Eustace,

Salamu kwa wote. Karanga mwambie mama yako anitumie mbichi, nitakaanga mwenyewe, yeye anaziunguza. Goti lipo vilevile. Jirani yangu, mwalimu Gaudensia, amestaafu, sasa anakuja kila jioni kunilalamikia serikali, namwambia aandike gazetini kama mimi, anasema mkono unamuuma.

Usinifundishe utani. Nimeandika makala mbili juu ya utani wa njia ya misafara, moja wewe ukiwa hujaota meno. Nimeutetea utani mbele ya maprofesa waliouita ushamba. Kwa hiyo somo lako nakurudishia.

Na nguvu nakurudishia pia. Mmelipenda sana neno hilo. Picha ya basi lililopinduka ina nguvu. Picha ya kibaka anapigwa sokoni ina nguvu sana. Je, tuziweke ukurasa wa kwanza wa albamu? Harusi si ajali ya kuviziwa kwenye kona. Harusi ni watu wawili wanaosema neno mbele ya watu, na picha yake inapaswa kuwa ya namna hiyohiyo: watu wanajua wanapigwa picha, wamekubali, wamekaa wanavyotaka kukumbukwa. Wazee wetu walipokaa mbele ya kamera wamekaza shingo, hawakuwa washamba wasiojua kucheka. Walikuwa wanajiandikia hati. Wewe na kamera yako ya haraka mnamnyang'anya mtu haki ya kuamua wajukuu watamwonaje, halafu mnaita sanaa. Mtu aliyeibiwa sura yake ana tofauti gani na aliyeibiwa kuku?

Na kwa kuwa umenilazimisha, nitakuambia kitu ambacho hukukiona, pamoja na saruji yako na mwanga wako. Yule mama alikuwa amevaa koti la baba yangu.

Koti la reli, la kaki, vifungo vya shaba. Kifungo cha pili kutoka juu si cha shaba, ni cheusi, cha shati. Nilikishona mimi nikiwa darasa la saba, kwa uzi mweupe kwa sababu mweusi uliisha, na baba alikwenda nacho kazini siku ya pili akiwaonyesha wenzake. Nilikiona kile kifungo kikicheza mbele ya kanisa, juu ya mtu aliyejipaka masizi, na watu wanacheka. Mlitaka nicheke nanyi? Nilimwita mwizi kwa sababu nilimwona mwizi.

Kamuulize alilipata wapi. Uniletee jibu, kisha tutazungumza habari ya albamu.

Tekla


Tabora, 30 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa miezi miwili. Baba alilazwa siku kumi, presha. Sikukuambia kwa sababu simu yako imezimwa, na barua ingefika ama ameshapona ama vinginevyo. Sasa yupo nyumbani, anakula, anatukana mwamuzi wa mpira kwenye redio. Mvua za kwanza zimenyesha Bukene, hapa bado.

Lakini nisiseme uongo. Hata asingeumwa ningechelewa. Kila nilipoanza kuandika niliweka kalamu chini.

Sikuhitaji kumuuliza Bibi Mwanajuma. Jibu ninalo miaka kumi na tatu, na limo ndani ya bahasha hii. Nilipiga kwa kamera yangu ya kwanza, ndiyo maana imepauka. Ni Machi 2011, uani Ntalikwa, siku ya tatu ya matanga ya babu. Yule katikati mwenye koti ndiye yeye. Koti baba alimpa mbele ya wote, maana nguo ya marehemu anayestahili kuivaa wa kwanza ni mtani. Alilivaa, akachukua na fimbo, akatembea kama babu. Alitoa saa ya mfukoni ambayo haikuwepo, akaitazama, akasema, "Treni ya Mwanza imechelewa, na maharage haya yamekosa chumvi, mwanamke we, unataka kuniua mara ya pili?" Ilikuwa sauti yake hasa. Bibi hakuwa amekula siku tatu. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaomba sahani. Ukitazama kulia utamwona, ana tonge mkononi.

Tangu siku hiyo harusi zetu zote, ambazo wewe hukupata nafasi ya kufika, amekuja na koti hilo. Anasema anamleta babu aone.

Shangazi, sisi wote tulidhani unajua. Siku ile kanisani tulidhani umesoma sana, umeuonea utani haya mbele ya wakwe. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba hujui koti lilivyotoka. Kumbe ungelijuaje, hukuwepo. Tuliambiwa reli imekatwa na mafuriko. Juu ya hilo sina neno.

Ninalo neno jingine tu, nalo linaniuma kuliko picha. Zamani nikipita kibaraza cha Bibi Mwanajuma, anaposhonea kofia, alikuwa anaita mtaa mzima usikie, "We mpagazi, mzigo umeutua wapi? Rudi uchapwe." Sasa ananiambia, "Hamjambo nyumbani? Nisalimie baba." Kwa adabu. Baba alipokuwa wodini alikuja na chupa ya uji, akakaa ukingoni mwa kiti, mikono amekunja, akasema, "Pole sana, Mzee Wilbroad," akaondoka. Hakumwambia kwamba anajifanya mgonjwa asilime. Hakumuuliza nani atamrithi mkewe. Alipotoka baba aligeukia ukutani.

Martha anasema albamu itasubiri, lakini picha haitoki.

Eustace


Morogoro, 8 Novemba 2024

Eustace mwanangu,

Namshukuru Mungu kwa afya ya kaka. Nitamwandikia mwenyewe. Wasalimie wote, na sijui kama ninastahili kuwasalimia.

Reli haikukatwa.

Mvua ilikuwepo, na Kilosa maji yalikuwa mengi, lakini mabasi ya Dodoma yalipita siku zote. Simu ya kifo cha baba niliipata Alhamisi saa nne asubuhi. Ijumaa nilikuwa nimepangiwa kuzungumza kwenye kongamano la utamaduni hapa Morogoro, dakika arobaini, mbele ya wageni kutoka nchi sita. Nilijiambia baba angependa nimalize kazi. Mada yangu ilikuwa mazishi ya jadi katika njia ya kati na jinsi wasomi walivyoyapa kisogo. Nilieleza watani wanavyochimba kaburi, wanavyovaa nguo za marehemu, wanavyowachekesha wafiwa. Nilieleza vizuri. Walisimama kunipigia makofi, na saa ile baba alikuwa anafukiwa.

Basi nilikijua kitu hicho, Eustace. Nilikijua kwa kichwa, nikakieleza kwa watu, na kilipokuja mbele yangu na kifungo changu kifuani sikukitambua. Picha uliyonitumia imeegemezwa kwenye kopo la sukari, mezani. Mama yangu na tonge lake. Siwezi kuiangalia wala kuigeuza.

Wewe kwa adabu hukuandika maneno niliyosema mlangoni. Nayaandika mimi. Nilisema, "Mwizi we, vua koti la baba yangu, nenda kaombe kwingine." Kwa bibi kizee wa miaka sabini na kitu, mbele ya padri, mbele ya wakwe wa Martha. Alianza kufungua vifungo. Hilo kamera yako haikulipata, na mimi nimelibeba miezi minne, nikikuandikia habari za mwanga mbaya.

Nimeandika makala zaidi ya mia tatu za kuwaambia watu wengine waone haya. Ya kumwomba radhi mtu mmoja nimeianza mara tisa.

Fanya hivi. Chapisha namba 31, kubwa, usikate pembeni, usipunguze weusi. Mpelekee Bibi Mwanajuma. Picha ni yake kuliko yangu, kuliko ya Martha hata. Akisema ichomwe, ichomeni. Akisema iwekwe, iwekwe. Mwambie na mambo ya kongamano, yote. Usimpelekee radhi zangu, hizo si za kutumwa na kijana.

Tekla


Tabora, 1 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Baba amepokea barua yako. Ameisoma peke yake, ameiweka chini ya mto, na jana aliuliza ofisi ya basi inafungwa saa ngapi. Mvua sasa ni kila siku, mama yupo shambani.

Nilikwenda Jumapili baada ya Misa. Bibi Mwanajuma alikuwa barazani na binti yake Zamda. "Karibu, Bwana Eustace," akanipa kiti. Nikamweleza yote, na kongamano, na makofi. Alisikiliza huku anatunga uzi. Kisha nikafungua picha.

Zamda aliiona kwanza. "Mama, ichome. Aibu gani hii ya kuwekewa ukutani?"

"Nipe miwani," akasema Bibi.

Aliishika muda mrefu sana. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. Mimi nilitazama ndala zangu.

"We Eustace," akasema, "nani alikufundisha kupiga watu kutoka chini? Pua yangu imekuwa pango la fisi."

Sikuthubutu kuinua macho.

"Na huyu ndiye shangazi yenu msomi? Tazama huo mkono. Tazama, Zamda. Mkono laini kama andazi. Babu zake walibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na yeye kusukuma bibi kizee wa kilo arobaini kashindwa. Nilianguka mimi? Sikuanguka. Wapagazi wamekwisha nchi hii."

Zamda akasema, "Mama, alikuita mwizi."

"Mimi ni mwizi. Nimekula kuku zao miaka hamsini." Kisha akavua miwani, na aliposema tena hakuwa anatania. "Siku ile niliumia, mwanangu. Nisikufiche. Nilifungua vile vifungo kwa sababu nilidhani ukoo mzima ndio umesema. Kumbe ni mmoja, tena mkimbia msiba. Mkimbia msiba tunajua namna ya kumtoza."

Hukumu yake ndiyo hii. Picha iwekwe kwenye albamu, ukurasa wa kwanza, kama Martha alivyotaka. Lakini tarehe 8 Februari, Jumamosi, Zamda anamwoza binti yake Asmahani, na nyumba yao haina mtani wa kuizuia ndoa. Anataka uje wewe. Usije na kitenge cha mkutano. Ujipake masizi, uvae matambara, usimame mlangoni mbele ya watu wote, umkamate bibi harusi na uchekeshe watu. Ukishindwa kuchekesha atakusukuma yeye, na amesema atakuonyesha kusukuma ndiyo nini. Nami nipige picha, ikae ukurasa unaofuata.

Nilimwambia shangazi hajawahi kufanya kitu kama hicho. Akasema, "Anajua. Si alikieleza dakika arobaini?"

Anasubiri jibu.

Eustace


Morogoro, 10 Desemba 2024

Eustace,

Simu nimeiwasha. Nakuja na basi la tarehe sita Februari, usiwaambie watu wengi, na usinipokee na kamera.

Nitafutie gunia la kuvaa. Liwe la mkaa. Yale ya sukari ni safi mno.

Shangazi yako